Trilobaiti mdogo mwenye pingili 8: ni mtoto au ni aina nyingine?

Swali: Habari Daktari. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nafundisha sekondari hapa Mwanza, upande wa Nyamanoro. Kaka yangu anayeishi Marekani amenitumia visukuku vitano vya trilobaiti, wale wanyama wa baharini wenye magamba na pingili waliotoweka zamani, vyote vimeandikwa Elrathia kingii, Utah. Kikubwa kina urefu wa sentimita tatu. Kidogo kabisa hakifiki milimita nne. Kwa lenzi nimehesabu pingili 13 kwenye kile kikubwa, lakini kwenye kile kidogo nahesabu 8, na mwanafunzi wangu mmoja anashikilia kuwa ni 9. Je, huyu mdogo ni mtoto, au muuzaji amechanganya aina mbili? Alikuwa na umri gani alipokufa? Na tukitafuta kwenye mawe yetu ya Mwanza, tunaweza kupata hata mmoja?

Jibu: Kwa maelezo haya, Mwalimu, huyo mdogo ni mtoto wa aina ileile. Elrathia mzima ana pingili 13 kwenye kiwiliwili, na mwenye 8 alikuwa bado njiani kuzifikia. Ubishi wenu wa 8 au 9 nao una sababu yake ndani ya mwili wa mnyama mwenyewe, kwa hiyo nauanza huo.

Trilobaiti, kutoka mbele kwenda nyuma, ana bamba la kichwa, kiwiliwili chenye pingili zinazocheza, na bamba la mkia ambalo pingili zake zimeungana kuwa kipande kimoja. Makosa ya kuhesabu hutokea mipakani. Nyuma kabisa ya kichwa kuna pete inayofanana sana na pingili, lakini hiyo ni mali ya kichwa, haihesabiwi. Mpaka wa nyuma ndio mgumu zaidi. Weka kisukuku mezani, zima taa ya juu, kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, simu ikiwa chini karibu kugusa meza. Vivuli vitajichora. Chukua pini, usiguse jiwe, fuata tu kila mfereji kwa ncha yake kutoka katikati ya mgongo hadi ukingoni. Mfereji ukifika hadi ukingo na ncha za pingili mbili zikaonekana zimeachana, hizo ni pingili huru. Mfereji ukififia kabla ya kufika ukingoni, umeshaingia mkiani.

Kwa mtoto, pingili ya kwanza ya mkia mara nyingi huwa imeshachongeka kikamilifu. Ina pete yake ya katikati na mbavu zake mbili, ila haijaachia. Inawezekana kabisa kwamba wewe umehesabu pingili 8 zilizokwisha kuachia, na mwanafunzi wako amehesabu pamoja nazo ile ya 9 iliyokuwa ikisubiri zamu. Mpongeze kijana huyo, jicho lake ni zuri. Lakini kwa utaratibu wa kazi hii, jibu lako ndilo linaloandikwa.

Ukuaji wa trilobaiti umegawanywa katika vipindi vitatu, na mgawanyo huo unafuata viungo, wala haufuati ukubwa. Kipindi cha kwanza ni protaspidi, jina lililotolewa na Charles Beecher mwaka 1895. Protaspidi ni kidude cha chini ya milimita moja au kuizidi kidogo, na gamba lake la mgongoni ni kipande kimoja tu. Kichwa kipo na mwanzo wa mkia upo, lakini hakuna kiungo kati yake. Katika aina nyingine protaspidi ni bapa na anafanana na wazazi wake, na katika nyingine ni wa duara kama tone, hafanani nao hata kidogo. Hao wa duara wanadhaniwa walikuwa wakielea majini kabla ya kubadilika umbo na kushuka chini. Kwenye visukuku vyako humpati huyu kwa urahisi. Protaspidi wazuri zaidi duniani wametoka kwenye mawe ya chokaa, kama yale ya Virginia yaliyochunguzwa na Whittington na Evitt katika miaka ya 1950. Magamba yao yalikuwa yamegeuka silika, yaani madini ya jamii ya mchanga, jiwe likayeyushwa kwa asidi, na vitoto vikabaki chini ya chombo vikiwa kamili hadi miiba.

Kipindi cha pili ni meraspidi, na huyu wako mdogo yumo humo. Kinaanza siku kiungo cha kwanza kinapotokea kati ya kichwa na mkia. Mnyama hana hata pingili moja ya kiwiliwili kwa wakati huo, kwa hiyo anaitwa meraspidi wa daraja 0. Pingili ya kwanza ikiachia anakuwa wa daraja 1, ya pili daraja 2, na kuendelea. Wa kwako, kwa hesabu yako, ni meraspidi wa daraja 8. Kipindi cha tatu ni holaspidi, nacho kinaanza pale idadi ya pingili za kiwiliwili inapotimia. Kwa Elrathia ni 13. Majina haya mawili, meraspidi na holaspidi, yaliletwa na Frank Raw mwaka 1925.

Pingili hizo zinatoka wapi? Hapa watu wengi, hata waliosoma, hukosea kwa kudhani kwamba pingili mpya inaota nyuma ya kichwa na kuisukuma ya zamani kwenda nyuma. Mambo yako kinyume. Pingili changa kabisa huchipuka karibu na ncha ya mwisho ya mkia, na pingili inayoachia kuingia kwenye kiwiliwili ni ile iliyo mbele kabisa ya mkia. Ni kama foleni ya kivuko cha Kamanga: anayefika anajiunga mwishoni, anayepanda ni wa mbele. Mkia wa mtoto basi ni sehemu ya kupita. Pingili zinazaliwa humo, zinakomaa humo, zinatoka. Ndiyo sababu mkia wa meraspidi unaitwa mkia wa mpito.

Aliyelithibitisha jambo hili ni Mwingereza James Stubblefield, mwaka 1926, na namna alivyolithibitisha inafaa kabisa kuchorwa ubaoni. Alichunguza trilobaiti mdogo sana aitwaye Shumardia, kutoka kwenye mawe ya Shropshire. Mzima wake ana pingili 6 tu za kiwiliwili, na ya nne ina ncha ndefu kuliko zote, huwezi kuikosa. Pingili hiyo ikawa alama ya kumfuata mnyama tangu utotoni. Kwa watoto wadogo, pingili yenye ncha ndefu ilionekana ikiwa bado ndani ya mkia. Kwa watoto wakubwa kidogo ilikuwa imetoka, ikawa ya mwisho kwenye kiwiliwili. Kwa waliofuata ilikuwa na pingili moja nyuma yake, kisha mbili. Mbele yake zilibaki tatu zilezile. Kama pingili zingekuwa zinaongezwa mbele, nyuma ya kichwa, ile yenye ncha isingeweza kubaki ya nne daima. Hoja ikaisha hapo. Mimi naihesabu kati ya kazi safi kabisa katika elimu ya visukuku, maana haikuhitaji chombo cha gharama. Ilihitaji watoto wa kutosha na mtu mwenye subira ya kuwapanga.

Baada ya kuwa holaspidi, mnyama haongezi tena pingili ya kiwiliwili, ila anaendelea kukua, na mara nyingi sehemu kubwa ya ukuaji wake iko mbele yake. Chukua Elrathia wako wawili: mdogo ni wa milimita tatu na kitu, mkubwa ni wa milimita 30. Mkubwa amezidi karibu mara nane au zaidi kwa urefu, na kilichoongezeka kwenye kiwiliwili ni pingili 5 tu. Kwa hiyo usiwafundishe wanafunzi kwamba mwenye pingili zote ni lazima awe mkubwa. Anaweza kuwa na 13 zote na bado akawa mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

Kuhusu wasiwasi wako kwamba muuzaji amechanganya: ni swali halali, na limewahi kuwashinda wakubwa. Huko Bohemia, nchi ya Cheki ya leo, kuna trilobaiti wa Kambria, kipindi cha kale sana katika historia ya dunia, aitwaye Sao hirsuta. Katikati ya karne ya 19 watoto wake wa ukubwa mbalimbali walikuwa wamepewa majina tofauti tofauti, kana kwamba kila mmoja ni mnyama wa peke yake. Joachim Barrande, mhandisi Mfaransa aliyehamia Praha, aliwapanga kwa ukubwa na kwa idadi ya pingili, akaonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1852 kwamba ni mnyama mmoja katika hatua 20 za kukua. Majina yale yote yakaanguka.

Fanya kama yeye. Usimlinganishe mdogo na mkubwa moja kwa moja, kwa sababu uwiano wa kichwa, kiwiliwili na mkia hubadilika mnyama anavyokua. Waweke wote watano kwa mstari, mdogo hadi mkubwa, uone kama mabadiliko yanakwenda polepole bila kuruka. Kwenye mawe yale yale Elrathia alikotoka, yaitwayo Wheeler, huko magharibi mwa Utah, kuna trilobaiti wengine wawili wanaochanganywa naye. Asaphiscus wheeleri ana mkia mpana, karibu sawa na kichwa chake. Peronopsis interstricta, ambaye siku hizi wataalamu wengi humwita Itagnostus, ni mdogo hata akiwa mzima, hana macho, kichwa na mkia vinafanana, na katikati kuna pingili 2 tu. Mwenye pingili 8 hawezi kuwa huyu wa pili. Kama mkia wake ni mdogo wazi kuliko kichwa, na umbo la kinundu cha katikati ya kichwa linafanana na la wenzake, basi una mtoto halali wa Elrathia.

Nikuongezee tahadhari moja. Kuna aina ambazo hata wazima hawalingani kwa idadi ya pingili. Anayejulikana zaidi ni Aulacopleura koninckii wa Siluri, kipindi cha baadaye kuliko Kambria, naye wa Bohemia, ambaye wazima wake wana pingili kuanzia 18 hadi 22. Mtaalamu wa visukuku Nigel Hughes na wenzake wamempima kwa miaka mingi, wakaonyesha kwamba mwenye 18 si mtoto wa mwenye 22. Kila mmoja alikuwa na kikomo chake, akikifikia anaacha kuongeza. Elrathia hana tabia hiyo, kwa hiyo kwake hesabu ya pingili inaaminika. Lakini ukija kupewa trilobaiti wa aina nyingine, uliza kwanza mzima wake ana pingili ngapi.

Sasa umri. Trilobaiti hakuwa na pete za mwaka kama mti, wala gamba lake halikukua kidogo kidogo kama la konokono. Gamba lilikuwa la kalsaiti, madini ya chokaa, gumu, halitanuki. Ili akue ilimbidi ajivue, atoke, ajitanue akiwa laini, kisha gamba jipya ligande. Kwa hiyo kilichoandikwa mwilini mwake ni idadi ya kujivua, wala si miezi wala miaka. Mwaka 1890 Harrison Dyar alionyesha kwa viwavi wa vipepeo kwamba kichwa huongezeka kwa uwiano ule ule kila wanapojivua, na kanuni hiyo hutumika kwa trilobaiti pia. Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Mnyama akikua kutoka milimita 3 hadi 30, na kila akijivua anaongezeka kwa asilimia 20, atahitaji kujivua kama mara 13. Akiongezeka kwa asilimia 10, atahitaji kama mara 24. Unaona jinsi jibu linavyoyumba kwa badiliko dogo la uwiano. Uwiano wenyewe hupatikana kwa kupima mamia ya visukuku vya sehemu moja na kutazama kama vipimo vinajikusanya kwenye mafungu. Visukuku vitano havitoshi. Ukiulizwa darasani alikufa na umri gani, jibu la haki ni hili: alikufa akiwa mtoto wa daraja 8, kabla ya kutimiza kiwiliwili chake, miaka milioni 500 na zaidi iliyopita.

Na je, alikufa kweli? Swali hilo hukuliuliza, lakini mimi ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mnyama mmoja alijivua mara nyingi maishani, na kila gamba liliweza kugeuka kisukuku. Hivyo sehemu kubwa ya trilobaiti waliomo makabatini si maiti, ni mavazi waliyoyaacha. Tazama kichwa cha kile kikubwa. Pande zote mbili kuna mshono unaopita kando ya jicho, na nje ya mshono huo kuna shavu lenye ncha inayoelekea nyuma. Kwa Elrathia mshono huo ndio uliofunguka wakati wa kujivua, mashavu yakaachia, mnyama akatoka kwa mbele. Kama mashavu hayapo, au yamegeuka na kulala upande, wakati kiwiliwili kimetulia sawasawa, kuna uwezekano mkubwa unashika gamba lililoachwa, na mwenyewe aliendelea na maisha. Mashavu yakiwa yote mahali pake, huenda ni mnyama mwenyewe. Wachunguze wote watano kwa macho hayo. Sitashangaa ukikuta mmoja au wawili hawana mashavu, kwa kuwa Elrathia wengi wanaouzwa wako hivyo.

Kuhusu mayai, nakugusia tu, maana wanafunzi watauliza. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba trilobaiti aitwaye Triarthrus eatoni, kutoka jimbo la New York, amekutwa na mayai chini ya gamba la kichwa, kila moja kama sehemu moja ya tano ya milimita. Magamba na mayai yalikuwa yamegeuka pairaiti, ile madini inayong'aa kama dhahabu bandia. Mtoto aliyetoka kwenye yai dogo namna ile alikuwa na safari ndefu hata kabla ya kufika daraja 0.

Mawe ya Mwanza sasa. Hapana, hamtampata, na kuna sababu mbili ambazo kila moja inatosha peke yake. Mawe makubwa mnayoyaona Capri Point, Kisiwa cha Saanane na lile Jiwe la Bismarck ni graniti. Graniti ni mwamba ulioganda kutokana na uji wa moto chini ya ardhi, na humo hakuna mnyama anayehifadhika. Pili, graniti hiyo ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, wakati trilobaiti wa kwanza wanaonekana kama miaka milioni 521 iliyopita na wa mwisho wanapotea miaka milioni 252 iliyopita. Mawe yenu yalikuwa yameshaganda miaka milioni 2,000 kabla trilobaiti hajazaliwa. Ziwa nalo haliwasaidii. Linakadiriwa kuwa na miaka kama 400,000 tu, na trilobaiti wote walikuwa wa baharini. Kwa Afrika, wengi wanatoka Moroko, na wapo pia kwenye mawe ya Bokkeveld huko Afrika Kusini. Ukinunua wa Moroko uwe macho, kwa sababu wengine wamechongwa au wameungwa kwa gundi na unga wa jiwe. Elrathia wa Utah ni wengi na bei yake ni ndogo, kwa hiyo huwa hakuna anayehangaika kuwaghushi.

Ila kitu cha kuwaonyesha wanafunzi mnacho mlangoni. Jongoo hutoka kwenye yai akiwa na pete chache na jozi tatu tu za miguu, na kila akijivua anaongeza pete karibu na mkia, kama trilobaiti alivyochipusha zake. Mvua zikianza, watume watafute jongoo wa aina moja wa ukubwa tofauti chini ya majani makavu na magogo yaliyooza kwenye viunga vya shule. Wawapime urefu, wahesabu pete kwa lenzi, kisha wachore grafu: urefu chini, pete ubavuni. Jongoo 30 wakipatikana, utaona mstari ukipanda, na hiyo ni kazi ile ile aliyoifanya Barrande kwa Sao, safari hii kwa wanyama walio hai. Watumie vijiti na kijiko kuwashika, wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho, kwani jongoo akichokozwa hutoa majimaji yanayowasha na kuacha madoa ya kahawia yasiyotoka siku kadhaa. Wakimaliza wawarudishe pale pale walipowatoa.